Alifuata kaburi Kisaki, akaikuta Kariakoo

ALIYEANZA ni kijana wa bodaboda. Treni ya TAZARA ilikuwa imetushusha stesheni ya Kisaki, Morogoro Vijijini, giza limeshaingia, abiria wanahangaika na mabegi, ndoo na matenga ya kuku. Katikati ya msongamano huo akashuka mzungu mmoja mrefu, mvi kichwani, amevaa jezi ya mistari myekundu na myeupe iliyosimama wima.

"Simbaaa! Ubaya Ubwela!" kijana akapiga kelele.

Mzungu akageuka, akacheka, akainua mkono. Bodaboda wa pili akadakia kwamba Mnyama sasa ana mashabiki mpaka Ulaya. Wa tatu, ambaye bila shaka ni mtu wa Jangwani, akajibu kuwa hata Ulaya kuna watu wanaopotea njia. Stesheni nzima kicheko.

"Wanasema nini?" mzungu akaniuliza.

Nikamwambia wanadhani ni shabiki wa Simba. Akaivuta jezi yake kifuani na kuitazama, kama mtu anayetaka kuhakikisha. "Lakini hii ni Sunderland," akasema.

Basi nikamweleza. Kwamba klabu wanayoishangilia vijana hawa ilizaliwa mwaka 1936, ikaitwa Queens, baadaye Eagles, halafu kwa miaka mingi ikaitwa Sunderland, mpaka mwaka 1971 ilipobadili jina na kuwa Simba. Mzee wa watu akasimama palepale, begi mgongoni, mbu wanamla, akanitaka nirudie. Mwaka 1936, akaniambia, ndio Sunderland ya kwao ilitwaa ubingwa wa England, na mwaka uliofuata ikabeba Kombe la FA. Yaani ametoka huko kote kuja kutafuta kaburi la Mwingereza aliyefia porini, na cha kwanza alichokutana nacho Kisaki ni timu ya nyumbani kwao.

Wakati ule hakuna kati yetu aliyejua kuwa safari yenyewe ingeishia kulekule kwenye mpira.

MBUZI NA KABURI

Mimi nilikwenda Kisaki kwa jambo dogo tu, fainali ya vijana wa vijiji, zawadi mbuzi mmoja na seti ya jezi. (Ilimalizika kwa penalti na mbuzi akachinjwa kabla jua halijazama. Mengine yote kuhusu fainali hiyo nitayaandika siku nyingine, maana refa bado ni jirani yao.)

Mwalimu, ndivyo nilivyomwita kwa sababu alifundisha historia maisha yake yote kabla ya kustaafu, tulikaa behewa moja tangu Dar es Salaam. Treni ilipoanza kukata hifadhini karibu na Fuga, behewa zima tulikuwa madirishani tunahesabu twiga, na hapo ndipo alipoanza kunieleza kilichomleta. Tangu akiwa mtoto amesoma vitabu vya mtu anayeitwa Frederick Courteney Selous. Na kaburi la mtu huyo liko huku.

Selous. Ndiyo, huyohuyo wa Pori la Akiba la Selous. Watanzania tumelitamka jina hilo mpaka likawa kama jina la mto au la mlima, tukasahau kuwa lilikuwa jina la mtu. Alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alikwenda kusini mwa Afrika akiwa kijana, akawinda tembo katika nchi ya mfalme Lobengula, akaandika kitabu chake cha kwanza mwaka 1881, akawa mwindaji mashuhuri kuliko wote wa Kiingereza wa zama zake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyetoka kuwa Rais wa Marekani, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki, Selous alikuwa mmoja wa washauri wa safari hiyo.

Mwalimu hakunificha upande wa pili. Mwaka 1890 huyuhuyu Selous ndiye aliyekuwa kiongozi wa njia wa msafara wa Cecil Rhodes ulioingia nchi ya Wamashona, ambayo leo ni Zimbabwe. "Shujaa wangu wa utotoni aliwaonyesha njia watu wa kuchukua nchi ya wenyewe," alisema, akitazama nje. "Nimefundisha hilo darasani, lakini vitabu vyake bado ninavyo."

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, Selous alikuwa na miaka 62. Alikataliwa mwanzoni kwa sababu ya umri, akang'ang'ania, mwishowe akapewa nafasi katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kilichojaa wawindaji na watu waliozoea maisha ya porini, kikaletwa Afrika Mashariki mwaka 1915. Hebu fikiria timu ya Ligi Kuu inaishiwa wachezaji mpaka inamrudisha mkongwe wa miaka zaidi ya 60, na anaingia uwanjani, na anakimbia kuliko vijana. Ndivyo wenzake walivyosimulia. Vijana waliugua malaria na kuhara damu wakarudishwa kwao, mzee akabaki.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65, walikuwa Beho Beho, kusini mashariki ya Kisaki, wanapambana na jeshi la Wajerumani. Akainua kichwa na darubini kutafuta risasi zinatoka wapi. Ikamkuta mojawapo. Mwanawe wa kiume, rubani wa ndege za vita huko Ulaya, aliuawa tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baadaye.

CHINI YA MKWAJU

Kesho yake asubuhi tuliondoka na gari, tukaingia hifadhini kwa lango la Matambwe. Barabara ni ya vumbi, na ni saa kadhaa. Kijana wa bodaboda, yule wa "Ubaya Ubwela", alikuja kutuaga na akamkabidhi Mwalimu ndizi za njiani, za bure, "kwa sababu ya jezi".

Sijui nilitarajia nini. Mnara labda, au sanamu. Nimewahi kuona picha za mashabiki wetu waliokwenda Cairo kufuata mechi za Ligi ya Mabingwa, wamepiga picha mbele ya piramidi za Giza, wamenyoosha skafu, na nyuma yao jiwe juu ya jiwe mpaka mbinguni. Kumbukumbu ya kihistoria kichwani mwangu inafanana na hiyo. Hapa palikuwa na mkwaju, kivuli, na chini yake jiwe bapa ambalo mtu angeweza kulipita akitafuta tembo. Juu ya jiwe kuna kibao kidogo cha shaba chenye jina, cheo, kikosi, na tarehe aliyouawa vitani. Basi.

Mwalimu alivua kofia. Alisimama pale kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshamaliza dakika za nyongeza. Askari wa hifadhi alisimama pembeni na bunduki yake, anaangalia majani, maana mahali pale simba si jina la timu.

Aliporudi kivulini kwenye gari, akaniuliza kitu ambacho nadhani kilikuwa kinamkera tangu Dar es Salaam. Kwa nini tumeliondoa jina? Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilipandishwa hadhi na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi la Selous sasa limo ndani ya Nyerere.

Nikamwambia halijaondoka lote, Pori la Akiba la Selous bado lipo upande wa kusini. Halafu nikamkumbusha habari za jana usiku. Sunderland ya Dar es Salaam ilibadili jina ikawa Simba. Kuna shabiki aliyehama? Kuna kombe lililorudishwa? Akacheka kidogo. "Hiyo inauma zaidi," akasema, akaigusa jezi.

Askari wa hifadhi, ambaye muda wote hakuwa amesema neno, akauliza kwa Kiswahili swali ambalo nililazimika kumtafsiria Mwalimu: "Na waliombebea huyu bwana chakula mpaka akafika hapa, wao walizikwa wapi?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Mimi pia.

MECHI MBILI ZA SEPTEMBA 1916

Kurudi Kisaki tulikuwa na muda, akanieleza kilichotokea pale kabla ya Beho Beho, na nikikisimulia kwa lugha yetu mtanielewa haraka.

Waingereza na washirika wao, chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, waliiteka Morogoro mjini tarehe 26 Agosti 1916. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akateremka kuizunguka milima ya Uluguru na kurudi nyuma mpaka Kisaki. Smuts akaona amemaliza kazi. Akatuma vikosi viwili vya Waafrika Kusini kwa njia mbili tofauti, kimoja na Jenerali Brits, kingine na Nussey, wakutane Kisaki wamkamate.

Wakafika siku tofauti. Brits alishambulia tarehe 7 Septemba, akapigwa, akarudi nyuma. Nussey akafika tarehe 8 bila kujua kuwa mwenzake ameshafungwa jana yake. Akapigwa na yeye. Ni kama timu iliyogawa washambuliaji wake wawili, mmoja acheze kipindi cha kwanza peke yake, mwingine cha pili peke yake, na hawaongei. Lettow-Vorbeck hakuhitaji ufundi mkubwa, alihitaji beki walewale wasimame palepale. Siku chache baadaye aliiacha Kisaki kwa hiari yake na kujipanga ng'ambo ya mto Mgeta. Huyu bwana alikimbizwa mpaka Msumbiji na kurudi, na alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Lakini kilichowamaliza Waingereza katika nchi hii hakikuwa Lettow. Walikuja na farasi, mbung'o wakawaua kwa maelfu. Walikuja na ng'ombe wa kukokota mikokoteni, wakafa pia. Walikuja na magari, mvua ikageuza bonde lote kuwa matope. Kikabaki kichwa cha binadamu.

Chukua hesabu ndogo. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Anakula, kama anapewa, karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, kati ya kilo 25 alizobeba yeye mwenyewe amekula 20. Kinachomfikia askari mstari wa mbele ni kilo tano. Ndiyo maana kwa kila mwenye bunduki walihitajika wapagazi wengi, na bado wengine wa kuwabebea wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, katika vita nzima, walichukuliwa wapagazi karibu milioni moja. Waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi si kwa risasi, ni kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Wajerumani nao walichukua watu na vyakula vya vijiji hivihivi, na hesabu zao ni mbovu zaidi.

Ukiujaza Uwanja wa Mkapa wote, viti 60,000, hujawaketisha.

"ALIKWENDA KARIAKOO"

Mzee aliyetuweka sawa tulimkuta Kisaki siku ya pili, amekaa barazani kwake, redio mezani, kofia ya kijani na njano kichwani. Vijana ndio waliotupeleka. Ni Mkutu wa hapohapo, umri wake amepita miaka 80.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Huyo wa Simba naye mmemtoa wapi?"

Tukamweleza kuwa mgeni ni mwalimu, ametoka Uingereza, amekuja kuona kaburi la Beho Beho. Akasema analijua. Akamuuliza Mwalimu kama marehemu ni ndugu yake. Mwalimu akasema hapana, alimsoma tu vitabuni. Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu gharama za nauli ya ndege.

Tukazungumza mpira kwanza, ndivyo ilivyo. Alikuwa anakumbuka Juni 1968, Yanga tano, Sunderland bila, na alilitamka jina "Sunderland" huku anamtazama Mwalimu machoni, akafurahi. Nikamtania kwa kumkumbusha Julai 1977, sita bila. Akasema redio yake siku hiyo ilikuwa imeisha betri.

Halafu nikamuuliza swali la yule askari wa hifadhi.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema: "Babu yangu, mzaa baba, alikwenda Kariakoo. Hakurudi."

Mimi, mtu wa mjini, nikauliza: "Alikuwa na duka?"

"Duka!" Alicheka mpaka akashika goti. "Wewe ni mwandishi wa wapi? Kariakoo ni ile kazi. Ya kubeba. Watu walichukuliwa Kariakoo. Hapa Ukutu mtu akisema fulani alikwenda Kariakoo, zamani, hakuna aliyeuliza amefungua biashara gani."

Naandika habari za michezo miaka mingi. Dabi ya Kariakoo nimeiandika sijui mara ngapi, kwenye vichwa vya habari, kwenye makala, kwenye takwimu. Sikuwahi kukaa nikaliuliza neno lenyewe limetoka wapi.

Mwalimu ndiye aliyedaka. Kwa Kiingereza kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Litamke upesi upesi, kama anavyolitamka mtu anayeitwa na askari mwenye kiboko asubuhi na mapema: karia-ko. Waingereza walipoingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916, siku tatu kabla ya Brits kupigwa hapa Kisaki, wapagazi wakawekwa kambini pale ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Kambi ikaisha, jina likabaki. Nairobi nao wana mtaa wao, wanauandika Kariokor, na asili yake ni hiyohiyo.

Mzee alituhadithia alivyohadithiwa na baba yake, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Wa kwanza kumchukua babu walikuwa Wajerumani. Akatoroka njiani, akarudi usiku. Hajakaa sana, wakaja Waingereza, wakamchukua tena. Mvua zilikuwa zimeanza. Bibi alimfungia unga kidogo kwenye kitambaa.

"Mara ile ya pili ndiyo alikwenda moja kwa moja. Bibi alisubiri. Matanga hatukuweka, maana nani amekuja kusema amekufa? Tulimhesabu msafiri. Baba yangu amekufa mzee, na mpaka anakufa alikuwa akiulizwa baba yako yuko wapi, anasema yuko safarini."

Mwalimu akaomba jina la huyo msafiri. Mzee akalitaja. Mwalimu akaliandika kwenye daftari lake, akaomba alitamkiwe tena, akafuta, akaliandika upya vizuri. Nami nilipotoa kalamu, mzee akanizuia. Kwenye gazeti hapana, mpaka akae na ukoo kwanza. Nimeheshimu.

MAJINA

Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa Mei 1917, miezi michache baada ya Selous kulazwa chini ya mkwaju. Msingi wake ulikuwa mzuri kabisa, kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kujali cheo wala kabila. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ya kujichunguza na kukiri kuwa haikufanya hivyo kwa kila mtu. Watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Januari 2025 huko Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina ya zaidi ya wafanyakazi wa vita 1,700 wa Afrika Kusini waliokuwa wamesahaulika, wengi wao waliofia huku kwetu Afrika Mashariki.

Sisi tunayo Sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927. Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake, na majina hayapo.

Kinachonishangaza ni Wachina. Waliokufa wakijenga hiyo TAZARA iliyotupeleka Kisaki, zaidi ya 60, wana makaburi yao Gongo la Mboto, yamepangwa safu kwa safu, na wageni kutoka China hufika kuweka maua. Aliyekufa mbali na kwao anaweza kupata kaburi lenye jina. Ni kutaka tu.

MTAA WA MSIMBAZI

Ndege ya Mwalimu ilikuwa ya usiku. Mchana wake aliniomba nimpeleke Kariakoo, na alikataa gari. Tulitembea. Nilimwonyesha jengo la Simba, Mtaa wa Msimbazi. Nikampeleka mpaka jengo la Yanga, Twiga na Jangwani, nikamwambia hapa usisimame sana na jezi hiyo. Wenyeji walimpokea vizuri, mmoja akamkumbusha Novemba 5, 2023, tano kwa moja, kwa vidole.

Akauliza kumbukumbu ya wapagazi iko wapi. Tukaizunguka sokoni, lile soko lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021 na kujengwa upya. Tukatazama kuta, pembe za mitaa, vibao. Kote tulikopita hatukuiona. Neno lenyewe, ndiyo, lilikuwa kila mahali. Kwenye daladala, kwenye risiti, kwenye mabango ya maduka, midomoni mwa makondakta.

Akatoa daftari lake, akalifungua ule ukurasa wa Kisaki. Alikuwa anatafuta mahali pa kulipigia picha lile jina, nyuma yake paonekane Kariakoo. Tukasimama pembeni ya barabara, yeye ameshika daftari, mimi nimeshika simu, watu wanatupita kushoto na kulia.

Nyuma yetu akaja jamaa mmoja amebeba robota la mitumba kichwani, shingo imekaza, jasho linamtiririka, anakimbia ule mwendo wao wa nusu kutembea.

"Mzigo! Mzigo! Pisha, mzee, mzigo!"

Mwalimu akaruka pembeni. Jamaa akampita, halafu macho yake yakaiona jezi, na bila kugeuza kichwa, maana hakuweza, akapaza sauti:

"Simbaaa!"